Dada, unaingia kwenye picha: siku moja ya msafisha ndege, Dar es Salaam

Nikisema nafanya kazi uwanja wa ndege, watu wanakaa vizuri kunisikiliza. Nikimalizia kwamba nasafisha ndani ya ndege, mtu anakumbuka ghafla kwamba simu yake ina meseji. Sina kinyongo. Ila nimechoka kusikia "shirika fulani safi, shirika fulani chafu", kana kwamba ndege inajiosha yenyewe huko mawinguni. Basi hii hapa Jumatano yangu moja. Kampuni yangu siitaji, na shirika lililonikera silitaji. Kitambulisho changu bado nakihitaji.

Saa 9:15 usiku. Naamka Ukonga. Mume wangu anageukia ukutani, ananipa pole kabla kazi haijaanza. Uji uliolala kwenye chupa, pikipiki ya kijana wa jirani, uwanjani.

Saa 10:20 alfajiri. Ukaguzi. Viatu, mkanda, mpaka kibanio cha nywele kinalia. Kikosi chetu ni watu sita na kiongozi ni mimi, maana yake matusi yanaanzia kwangu. Kila tunachoingia nacho kinahesabiwa: brashi, vakyumu, chupa za dawa, vitambaa vya rangi mbili. Kitambaa cha choo hakigusi meza ya abiria, na atakayechanganya simuulizi mara ya pili. Brashi ikibaki ndani ya ndege, hiyo ni kesi.

Saa 11 mpaka saa 2 asubuhi ni zamu ya ndege za mikoani. Bombadia za Air Tanzania, zile watu walizozibeza kwa jina la pangaboi zilipoingia mwaka 2016, zina siti 76, mbili huku na mbili kule. Pangaboi hizo hizo ndizo zinazotua kwenye viwanja vya njia fupi ambavyo jeti kubwa inavipitia juu kwa juu. Mimi nazipenda kwa sababu hazina siti ya kati. ATR, ndege nyingine za panga, nazo ni hivyo hivyo, ila zina vituko vyake: abiria wanapandia nyuma, mizigo inakaa mbele, karibu na rubani, na mkiani wanaweka nguzo ya chuma ndege isije ikakaa kitako watu wote wakijazana mlangoni. Mara ya kwanza kuiona nilidhani imeharibika.

Hapo nieleze kidogo. Wakubwa wanapochagua ndege wanapiga hesabu za mafuta, injini, umbali na urefu wa njia ya kurukia. Sawa, ndiyo kazi yao. Mimi nimeinamia siti kwa miaka tisa, naichagua ndege kwa kiuno. Swali langu ni moja: siti za kati ziko ngapi? Aliyebanwa katikati hana dirisha wala njia. Ganda la karanga, tishu, kibandiko cha mzigo, vyote anavisukumia kwenye mfuko wa siti. Boeing 737 imepangwa tatu kwa tatu, kwa hiyo kila safu ina watu wawili wa namna hiyo. Airbus A220-300 imepangwa mbili kwa tatu, mmoja tu. Ile ya Air Tanzania ina siti 132, kumi na mbili kati ya hizo za daraja la mbele, na mabweta ya mizigo juu ni makubwa, ukifuta mkono unafika hadi mwisho. Mwaka 2018 ilipoletwa ya kwanza, hapakuwa na shirika lingine Afrika lenye aina hiyo. Baadaye injini za A220 zikasumbua mashirika mengi duniani na za hapa zikakaa chini vilevile, nami nikasikitika kama mwenye hisa. Ningekuwa na kura, ningeipigia hiyo.

Saa 3 asubuhi. Chai ya rangi na chapati mbili, nimesimama. Nikikaa, magoti yanagoma kurudi.

Saa 3:40. Dreamliner ya Air Tanzania, Boeing 787-8. Siti 262, nyuma zimepangwa tatu-tatu-tatu, njia mbili. Wageni wanaisifia madirisha: makubwa, hayana kifuniko cha kushusha, unabonyeza kitufe kioo kinaingia giza chenyewe. Kwetu hiyo ni baraka, maana vifuniko vya kushusha vinakusanya uchafu kwenye kingo. Lakini dirisha kubwa linabeba pua nyingi. Kila mtoto aliyetaka kuona mawingu ameacha pua yake pale, na mafuta ya nywele ya mama yake yako pembeni.

Kwenye ndege zinazotoka nje, ukitaka kumjua abiria, mahali pa kuangalia ni mfuko wa siti. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki imekatazwa nchini, na wageni wakitangaziwa hilo wakati wa kutua wanaifungasha yote kwenye mfuko wa siti ya mbele. Sheria ya nchi inatekelezwa, na mimi natoka na gunia zima la rambo.

Halafu mikanda. Kila mkanda unakunjwa namna shirika linavyotaka. Wengine wanataka vyuma vikutane katikati, wengine wanataka mkanda ulale msalaba. Vitambaa vya kichwani vyenye nembo vyote vitazame upande mmoja. Kadi ya usalama mbele, gazeti nyuma yake, mfuko wa kutapikia mwisho. Watu wa chapa wanapaka mkia rangi, wanaweka twiga, simba, nyota, ndege, kila mtu na mnyama wake. Twiga wa Air Tanzania mama yangu anamkumbuka tangu enzi za ATC, jina la zamani la shirika hilo. Lakini abiria akishaketi mkia hauoni tena. Anaona meza iliyo mbele ya kifua chake, na kama ina duara la kahawa, twiga hamsaidii.

Saa 7 mchana ndipo siku ilipoharibika.

Ilikuwa ije saa 6:40, jeti ya njia moja, tatu kwa tatu, ya shirika la nje. Ikatua saa 7:50. Ilipangiwa kukaa chini zaidi ya saa moja. Sasa mkuu wa zamu wa huko nje anapiga kelele kwenye redio: wasafishaji dakika 25, abiria wako getini. Kiyoyozi kimezimwa. Ndege iliyofungwa kwenye jua la Dar la saa nane inanukia miguu na mchuzi wa kuku kwa pamoja.

Tunasubiri abiria washuke. Wameshuka, kabaki mmoja. Kapoteza kile kispika cha sikioni. Kapiga magoti safu ya kumi na moja, anamulika na simu. Nikamwambia, "Kaka, tuachie, tukikiona tutakikabidhi." Akaniangalia kama mtu anayejua kispika chake kitaishia Kariakoo. Dakika sita. Kikaonekana ndani ya kofia ya jaketi lake.

Zimebaki 19. Siti mia na sitini, watu wanne kwenye siti, mmoja vyooni, mmoja jikoni. Kila mtu siti 40. Nilipiga hesabu baadaye nikiwa na nafasi: sekunde 28 kwa siti. Ndani ya hizo 28 kuna meza, mfuko, mkanda, makombo ya chini na kutazama chini ya siti kama jaketi la kuokolea lipo. Na safu ya 14 mtoto alikuwa ametapika.

Basi ni hapo ndipo akapanda kijana mmoja nadhifu, suti ya bluu, kishikwambi mkononi. Mswahili mwenzetu, lakini anafanya kazi makao makuu yao huko nje. Kaja kukagua "uzoefu wa abiria". Nina umri wa kumzaa, lakini nikamsalimia kwa heshima, kazi ni kazi.

Akatembea mpaka safu ya 17, akasimama.

"Dada, hii nini?"

Siti ya 17C, ukingo wa upande wa njia, bluu iliyokaa kama wingu.

"Ni jinzi, kaka. Rangi ya suruali inahamia kwenye siti."

"Mbona haijatolewa?"

"Imesuguliwa. Dawa tuliyoruhusiwa inafika hapo tu."

"Basi tumieni yenye nguvu zaidi."

Kwa wasiojua: ndani ya ndege huingii na jiki. Inakula aluminiamu. Dawa kali nazo zinachubua ngozi ya siti, na kitambaa cha siti ukikifua ovyo kinapoteza uwezo wake wa kukataa moto. Kwa hiyo tunatumia dawa zilizoidhinishwa, basi, hata mtu akinuna. Nikamweleza hayo huku mkono unaendelea na 18.

Akasema siti zile ni za chapa mpya. Rangi yake, ile krimu, ina jina rasmi, jina refu la kimarashi-marashi, imechaguliwa ili abiria ajisikie yuko nyumbani. Nikamuuliza, "Nyumbani kwa nani?" Ilinitoka. Kwetu mtu mwenye watoto hanunui kochi jeupe. Na hawa wameweka ngozi ya krimu kwenye jeti inayobeba watu wenye jinzi, kahawa na watoto mara kadhaa kwa siku, kisha wametupa dakika 19. Wangeweka kijivu iliyokoza, mimi na yeye tusingejuana.

Hakucheka. Akainama, akaomba kitambaa changu, akasugua mwenyewe. Nilimwachia. Akasugua kwa kidole gumba, akatia nguvu, jasho likamtoka chini ya tai. Wingu la bluu lilibaki pale pale. Akanirudishia kitambaa bila neno, akaandika kitu kwenye kishikwambi.

Nilidhani yameisha. Akaenda 22B, meza haifungi, kitasa kimelegea. "Nani amesaini hii?" Kitasa ni cha mafundi. Sisi tunamwambia mhudumu mkuu, anaandika kwenye kitabu cha kasoro, na kama hakuna muda wa kutengeneza wanabandika karatasi. Nikamweleza. Akapiga picha. Mkuu wa zamu akaingiza kichwa mlangoni: "Mama, vipi huko?" Nikamjibu tumebakiza choo cha nyuma. Kumbe na jikoni bado.

Halafu kijana akataka safu tatu za mbele ziwekwe "kwa kiwango cha picha". Dakika zimebaki nne. Nikamwita binti yetu mdogo kuliko wote, mwenye mikono myepesi, tukalaza mikanda msalaba, tukanyoosha vitambaa vya kichwani, nembo zote zikatazama njia kama askari wa gwaride. Zilipendeza, sisemi uongo. Nikasimama pembeni na ndoo yangu kuzitazama. Kijana akainua kishikwambi, akakishusha.

"Dada, sogea kidogo, unaingia kwenye picha."

Nikasogea. Nikajibanza chooni mpaka akamaliza.

Tulipitiliza kwa dakika tatu. Kwenye fomu ya kukabidhi aliandika: doa, siti 17C, halikutolewa. Kasoro kama hiyo inakuja kwenye jina langu, na zikijaa mwezini, posho inakonda. Sababu ya doa haina nafasi, fomu yenyewe ina mistari miwili tu.

Saa 10 na kitu, au ilikuwa 11. Sikumbuki. Nilikula wali maharage uliopoa. Ndege nyingine mbili, zote ndogo, au moja ilikuwa ile A220, maana nakumbuka nilifurahi. Binti mdogo aliniuliza kama yule kijana analipwa shilingi ngapi. Nikamwambia aokote glovu zake.

Jua linazama nikihesabu brashi. Ikawa moja pungufu. Tukarudia, tukarudia tena, mwili wote umekufa ganzi, mpaka ikaonekana ndani ya ndoo, chini ya vitambaa. Nililia kidogo, nikisingizia harufu ya dawa.

Daladala ya kwenda Gongo la Mboto ilijaa, nikasimama mpaka kituo cha Banana. Siti iliyo mbele yangu ilikuwa na mfuniko wa soda na maganda ya miwa. Mkono ulishaanza kushuka, nikaurudisha.

Nyumbani mtoto wangu wa kwanza akanifungulia ukurasa wa lile shirika, nilikuwa nimemsimulia kwenye simu. Picha ipo, imewekwa jioni ile ile. Safu tatu, krimu, mikanda msalaba, mwanga mzuri wa dirishani. Watu wameshaanza kuweka mioyo. Mtoto akaivuta ikawa kubwa, akaisogeza pembeni kutafuta kama nimetokea walau kiwiko. Nimesogea vizuri, sionekani.

Ratiba inasema ndege ile inarudi Ijumaa mchana. Nimeshawaambia wenzangu, safu ya 17 waniachie.