Siku moja na mulineti ya babu wa mtu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi natelemka kutoka Kadutu, hapa Bukavu, kwa miguu. Mvua ilinyesha usiku kucha, matope yananata kwenye viatu. Kibanda changu kiko Nyawera: meza, taa, na ile lensi ndogo ya jichoni. Mimi ni fundi saa. Mulineti, yaani vile vifaa vya kuzungushia uzi wa kuvulia samaki, sikuzitafuta. Mtu mmoja alileta yake kwa sababu hakujua pengine pa kuipeleka, kisha akawaambia wenzake.

Saa mbili nafungua mfuko wa ngozi ulioletwa jana. Ndani kuna mulineti aina ya Mitchell 300, nyeusi, yenye umbo la yai. Mwenyewe ni papa mmoja, yaani mzee, wa mtaa wa Muhumba, aliirithi kwa babu yake, na imekaa darini miaka na miaka. Watu hudhani ziwa ndilo limeiharibu. Hapana, ni mfuko. Ngozi hunywa unyevu, na mji wetu hauna uhaba wa unyevu. Kitu cha chuma ukikipenda, usikilaze ndani ya ngozi.

Mulineti hii ilitengenezwa Cluses, Ufaransa, na Carpano & Pons, watu walioanza kwa kutengeneza vipande vya saa. Cluses ni mji wa mafundi saa. Ulikuwa na shule ya ufundi huo tangu 1848. Ndiyo maana nikiifungua najiona niko nyumbani.

Kabla ya kugusa chochote naangalia rangi. Unga mweupe kwenye mwili: hiyo ni aluminiamu. Kijani kwenye meno ya shaba ya njano. Nyekundu kwenye visi (skrubu) na resori (springi), maana hizo ni chuma. Kila rangi ina dawa yake, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Niliwahi kulaza bobini, kile kipande kinachokunja uzi, ya aluminiamu ndani ya siki hadi asubuhi. Nikaikuta imefifia, imejaa vishimo. Mwenyewe nilimlipa. Na ile kostiki ya kutengenezea sabuni haikanyagi meza yangu, inatafuna aluminiamu huku unaona kwa macho.

Saa tatu na nusu vipande vya shaba vinaingia kwenye maji ya ndimu, dakika chache tu, kisha maji yenye bikarbonati ili kuua ile asidi, kisha kitambaa kikavu. Grisi ya zamani imekuwa kama gundi. Hiyo natoa kwa petroli, yaani mafuta ya taa, na brosi ya meno. Unga mweupe naukwangua kwa kijiti cha mwanzi. Hapo kazi ni rahisi, hata mwanangu angeiweza.

Visi ya mwisho ndiyo iliyokula siku yangu. Chuma ndani ya aluminiamu, vikikutana na unyevu, hugombana, na anayeliwa ni aluminiamu. Ule unga wake hujaa kwenye nyuzi za visi na kuibana kama saruji. Nilisaga turnevisi (bisibisi) kwenye jiwe hadi ikajaa kabisa ule mfereji wa kichwa, kwa sababu ikicheza kidogo tu, kichwa kinaharibika na habari imekwisha. Nikatia tone la mafuta mepesi. Nikangoja. Haikutikisika.

Saa tano umeme ukakatika, chuma changu cha kulehemu kikapoa. Nikaenda kwa mama jirani anayekaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani.

“Mama, nipe nafasi kidogo kwenye mbabula, hilo jiko lako la makaa.”

“Papa fundi, leo unapika saa?”

Nikachoma msumari mnene, nikaugandamiza kwenye aluminiamu pembeni ya visi, mbali na rangi. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linaachia kidogo. Tone lingine la mafuta wakati inapoa, nalo linavutwa ndani. Nikarudia mara nne. Katikati nilikula bugali na sambaza, nikauza betri mbili za saa.

Saa tisa na robo ikatoa mlio mdogo, *kri*. Nikaacha mkono palepale. Nikairudisha nyuma robo, nikaisogeza mbele, nyuma tena, mpaka ikatoka nzima. Mama jirani akapiga makofi bila kujua kwa nini.

Saa kumi na moja papa wa Muhumba akafika. Nimetia grisi mpya kwenye meno, tone la mafuta kwenye kigurudumu kinachopitisha uzi. Akazungusha mkono: tik-tik-tik, laini.

“Mbona haing’ari?”

“Papa, nikiisugua hadi ing’are, naondoa rangi yenyewe, halafu unyevu unaingia upya.”

Akaizungusha tena. Tulikubaliana dola kumi. Akanipa saba, tatu wiki ijayo. Mfuko wa ngozi aliuacha mezani. Mulineti ameifunga kwenye leso ya pamba.