Kioo cha kati kikipasuka, usikimbilie supa gluu

Watu wengi wakiliona tangi langu la samaki hudhani kile kipande cha kioo kilicholala juu, katikati, kimewekwa ili mfuniko upate pa kukalia. Vijana waliotuhamishia vyombo kutoka Tabata kuja Kigamboni wao walidhani ni mpini. Wawili walishika pembeni, wa tatu akalidaka kwa hapo katikati, wakapanda nalo ngazi. Tangi lilikuwa tupu, likafika likiwa zima kwa kila aliyelitazama. Ufa niliugundua baada ya kujaza maji, nilipopitisha kitambaa cha kufutia na kikanasa. Ulikuwa umekikatiza kile kioo kwa mshazari, na silikoni, ile gundi ya mpira inayoshikanisha vioo, ya upande wa nyuma imebanduka karibu nusu.

Tangi lenyewe ni la kuundiwa na fundi. Kwa ndani lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50; kioo chake ni cha milimita 8. Maji nayajaza hadi sentimita 45, kwa hiyo ni lita 243. Wageni huuliza kama meza itahimili uzito huo. Meza inahimili, ni ya mninga. Mimi naogopa msukumo wa kwenda pembeni. Kioo cha mbele peke yake kinasukumwa na nguvu ya kama kilo 120, yaani mifuko miwili ya saruji na ziada imekiegemea usiku na mchana. Kwa chini kimeshikwa na kitako cha tangi, pembeni kimeshikwa na vioo vya ubavuni. Juu hakuna anayekishika ila kile kipande cha kati, kinachokivuta kisiachane na kioo cha nyuma. Kipande kikiachia, kioo cha mbele kinatoa kitambi, na silikoni ya kona zote inaanza kuteseka kimyakimya. Nilivuta uzi juu ya ukingo wa mbele, kona hadi kona: katikati kioo kilikuwa kimeupita uzi kwa karibu milimita 3.

Hapo fundi hangojwi. Unachukua mpira na ndoo, unapunguza maji. Kuna hesabu hapa ambayo ningependa kila mfuga samaki aijue: msukumo kwenye kioo unafuata mraba wa kimo cha maji. Ukitoa nusu ya maji, inayobaki ni robo ya nguvu. Zile kilo 120 zinashuka hadi 30. Hata ikiwa ni saa sita usiku na maduka yamefungwa, ukishafika nusu unaweza kwenda kulala.

Asubuhi akaja fundi vioo wa mtaani, supa gluu mfukoni. "Dada, hii dakika mbili tu." Nikamwambia kaka yangu, hiki kioo hakijabebeshwa mzigo kwa juu, kinavutwa huku na huku muda wote. Ukiunganisha ufa kwa gundi inayokauka ngumu kama ile, unapata kitu kinachopendeza mpaka siku maji yatakapojaa. Na silikoni nayo kwenye ufa haifai, maana eneo la kushikana ni unene wa kioo tu. Kioo cha kati kilichopasuka kinatolewa, kinawekwa kingine. Hakuna njia ya mkato.

Akakubali, akajitolea kunikatia kipande kutoka kwenye mlango wa duka uliobomolewa. Hapo pia nikakataa. Vioo vya milango ya namna hiyo mara nyingi vimepikwa kiwandani ili viwe vigumu, na kioo kilichopikwa hakikatiki. Ukikipitishia kisu cha kioo na kukivunja, kinasambaratika chote kuwa chembe. Tukatumia kioo cha kawaida cha milimita 8, na kwa kukata vioo namheshimu: kingo zilitoka zimenyooka, nikazipitishia msasa wa maji zisije kunikata vidole.

Kabla ya kupaka chochote nilibadili mpango wenyewe. Kile kipande cha zamani kilikuwa kimegandishwa kwa ncha zake tu, milimita 8 kwa sentimita 15, sawa na sentimita 12 za mraba kila upande. Ndiyo maana mkono wa kijana mmoja ulitosha kukibandua. Safari hii nilitaka kanda mbili za kioo zenye upana wa sentimita 5, moja ilale kando ya kioo cha mbele na nyingine kando ya kioo cha nyuma, karibu urefu wote wa tangi, sentimita 2 chini ya ukingo. Ukanda uliolala hivyo unakizuia kioo kutuna, kwa sababu kuupinda kwa upande wa upana wake ni kazi kubwa. Halafu kipande cha kati kinalala juu ya kanda zote mbili, kikizipanda kwa sentimita 5 kila upande. Eneo la kushikana linakuwa sentimita 75 za mraba badala ya 12.

Samaki walihamia kwenye jaba uani, kivulini. Nafuga wa Ziwa Tanganyika, wakiwemo wale wadogo wanaoishi ndani ya magamba ya konokono, na hao hawasumbui kuhamisha: ukinyoosha mkono kila mmoja anakimbilia gambani mwake, unaokota gamba na mwenyewe ndani. Filta niliihamisha nao ikiwa inafanya kazi. Bakteria wanaokula amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, wamo mle kwenye sponji, na wanahitaji maji yenye hewa yaendelee kupita. Ukiiacha filta imezimwa hadi ukarabati uishe, unarudisha samaki kwenye tangi zima lenye maji ya sumu.

Kukwangua silikoni ya zamani ndiyo kazi inayochosha kuliko zote. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya iliyokwisha kukauka, kwa hiyo kila utando lazima utoke. Nilitumia nyembe, nikamalizia kwa asetoni. Iwe asetoni tupu ya duka la vifaa. Ile ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi ina mafuta na manukato, inaacha utelezi. Kuhusu silikoni yenyewe, tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya matangi ya samaki, au ya asilimia 100 isiyotiwa dawa ya kuzuia kuvu. Za bafuni nyingi zimetiwa dawa hiyo. Tazama na tarehe ya mwisho, kisha paka kidogo kwenye kipande cha kioo kibovu usubiri. Silikoni iliyopitwa na wakati inaweza kubaki laini wiki nzima.

Sasa, jambo ambalo mafundi wengi huliruka: kioo kigandishwe kikiwa kimenyooka. Ukipaka silikoni tangi likiwa na maji, kioo kimetuna, utakuwa umekifunga katika kitambi chake. Nilimwaga maji yote, nikahakikisha kwa pima maji kuwa meza imelala sawa, nikazungusha mkanda wa kufungia mizigo juu ya tangi na kuweka kanga zilizokunjwa kwenye kona. Nikaukaza kidogokidogo hadi uzi na ukingo vikaenda pamoja, nikaishia hapo. Kanda zilitangulia, zikiegemezwa kwa vijiti vya mbao na tepu ya karatasi. Zilipokauka ndipo nikalaza kipande cha kati.

Silikoni hii hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, na inapokauka inatoa harufu ya siki. Mama mkwe alitoka chumbani kuuliza nani anatengeneza achari. Hewa ya pwani inasaidia, lakini chini ya kioo kilichopandana unyevu unaingia kwa kingoni tu, sentimita 5 za silikoni zinasubiri zamu. Kwa juu inashika ngozi ndani ya nusu saa, na ngozi hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Mimi nilisubiri hadi harufu ikaisha kabisa hata nikiinamisha pua juu ya kiungo, halafu nikaongeza siku kadhaa juu yake.

Maji niliyarudisha kwa hatua: robo, nusu, robo tatu, nikilala usiku mmoja kati ya hatua na hatua na kupima kwa uzi kila mara. Likiwa limejaa, kioo kinaupita uzi kwa pungufu ya milimita moja. Kingo za silikoni hazipendezi, nimeziacha. Juu ya kioo cha kati nimeandika kwa kalamu ya wino mzito USISHIKE HAPA.

Fundi amerudi juzi kuomba vipimo vya zile kanda. Ana oda ya tangi la sentimita 150, na mteja hataki kitu chochote juu kwa sababu kinaziba mwonekano. Nimempa vipimo, nikamwambia amuulize mteja kama yuko tayari kulipia kioo cha milimita 12. Akacheka, akasema atamuuliza baada ya kupokea malipo ya awali.