Jasho hutoka ukishafika

Anayekwenda kazini kwa baiskeli Dar es Salaam hulowa zaidi akishashuka kuliko akiwa barabarani. Njiani upepo hulikausha jasho. Ukisimama upepo unakata, na mwili bado unachemka. Ndiyo maana anayefika na kukimbilia bafuni, akajimwagia maji na kuvaa papo hapo, shati humganda mgongoni hata kabla hajakaa mezani.

Kwa hiyo toka nyumbani mapema, ufike nusu saa kabla ya kazi kuanza. Kilomita ya mwisho endesha polepole, kwa gia nyepesi. Ukifika, kaa kivulini au mbele ya feni dakika 10 hadi 15 ukiwa bado na fulana ya njiani, unywe maji. Miezi ya joto, Desemba hadi Machi, ongeza dakika tano. Jasho likikatika, ndipo unawe.

Bafu si lazima. Lita moja ya maji, kitaulo cha uso na kipande cha sabuni vinatosha. Anza na uso na shingo, shuka kifuani na mgongoni, kisha kwapa, malizia na mapaja na miguu. Kwapa zipake sabuni na uzifute mara mbili kwa maji safi. Jasho bichi halina harufu ya maana. Harufu huletwa na bakteria wanaolila, na kwapani ndiko maskani yao. Deodoranti ikipakwa juu ya kwapa chafu huzaa harufu ya tatu, mbaya kuliko zote mbili. Jikaushe kabisa kwanza. Shabu, lile jiwe jeupe linalong'aa kama barafu, inafaa sana na ni rahisi: ilowanishe, ipitishe kwapani mara tatu nne, iache ikauke. Usiipake ukiwa umetoka kunyoa, itawasha.

Begi la mgongoni liache. Linaziba hewa na kuchora mraba wa jasho ambao feni haiumalizi. Funga mzigo kwenye keria kwa mpira. Shati liviringishe badala ya kulikunja, makunyanzi yatapungua. Viatu vya kazini na suruali mbili viishi ofisini.

Fulana iliyolowa usiifungie kwenye mfuko mpaka jioni, itavunda. Itundike penye hewa. Ya poliesta hukauka upesi ila hushika harufu. Iloweke nusu saa kwenye ndoo ya maji yenye nusu kikombe cha siki, ndipo uifue.

Masika, baiskeli isiyo na madigadi hukutupia tope kuanzia kiunoni hadi kisogoni. Na mnyororo usiupake oili chafu ya gari: ni nyeusi tayari, inashika vumbi, na ikigusa suruali haitoki kirahisi. Tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo, zungusha pedali kinyumenyume, kisha ufute mnyororo kwa kitambaa mpaka nje ubaki mkavu.