Kwake ilikuwa Jumapili

Juzi mwanangu wa pili aliifukua ile laptopu ya zamani kabatini, akaiwasha, akaniletea jikoni ameibeba kwa mikono miwili kama sinia. "Baba, kwa hii laptopu mimi bado sijazaliwa?" Kwenye kona ya skrini: 1 Januari 2009. Nikamwambia ni betri ya saa imekufa, ile ndogo ya mviringo kama sarafu, nitanunua nyingine nikienda mjini. Akaridhika, akaondoka. Chai ndiyo iliyomwagika jikoni, maana akili yangu ilikuwa imeshahama.

Januari ile ya 2009 niliwahi kuiishi siku nne nzima. Na ilikuwa Julai 2014.

Kile kiofisi chetu cha kompyuta, ghorofani karibu na kiplefti cha YMCA, huenda baadhi yenu mnakikumbuka. Baridi ya Moshi ya Julai, Kibo imejifunika wiki nzima. Mteja wetu wa kahawa alikuwa analia na programu yake ya mizani: gunia liko juu ya mzani, uzito hauandikwi, foleni inanuna. Jumatatu wakatuletea mashine yenyewe nyuma ya pikapu, imefungwa kanga, na wao wakarudi kwenye daftari na kalamu. Nikajigamba mbele ya binti wa field, mwanafunzi aliyekuwa na wiki yake ya tatu ya mafunzo kwetu, kwamba hii nitaiingia hadi ndani ya kerneli, ule moyo wa mfumo wa kompyuta, kwa programu ya uchunguzi iitwayo SystemTap.

SystemTap unaiandikia skripti fupi, yenyewe inaigeuza kuwa msimbo wa C, inaukompaili, yaani kuutafsiri kwa lugha ya mashine, kuwa moduli, kipande cha programu, kisha moduli inapachikwa kwenye kerneli ikiwa hai, inakunong'oneza nini kinakwama wapi. Tamu sana. Ila inataka kompaila pamoja na taarifa za udibagi, za kutafutia hitilafu, za kerneli ileile, hadi tarakimu ya mwisho ya toleo, na hizo ni mamia ya megabaiti. Kizee kile, yaani mashine ya mteja yenye mfumo wa CentOS 6, diski yake ilikuwa imejaa hadi kooni. Dawa yake ni seva ya kukompaili: hatua nne za kwanza zinafanyika kwenye mashine nyingine yenye nafasi, moduli iliyoiva inarudishwa kwa mtandao, kizee kinabakiwa na hatua ya tano tu, ya kuiendesha. Nikaiandaa seva kwenye kompyuta yangu ya mezani. Nikarudi kwa kizee, nikapiga amri. Haikuweza kuunganika na seva.

Jumanne tuliimaliza kwenye nyaya na fayawoli, ule ukuta wa kulinda mtandao. Seva hizi hutafutana kwa programu ya Avahi, inayopiga mbiu mtandaoni kupitia poti, yaani mlango wa mawasiliano, nambari 5353 ya UDP, na mimi nilikuwa nimeiziba. Nikaifungua, seva ikaonekana kwenye orodha. Kuonekana tu. Kuunganika, hapana. Nikagundua kila nikiiwasha upya seva inajichagulia poti nyingine, nayo fayawoli haina habari. Nikaipa poti moja ya kudumu. Bado.

Siku hiyohiyo, nikiwa nashusha logi za kizee, kumbukumbu za matukio yake, kwa kasi, binti aliyekaa nyuma yangu akauliza, "Kaka, hizi logi ni za Januari?"

"Za zamani hizo, mdogo wangu. Ngoja nishuke chini."

Nikashuka chini. Sikumbuki kama niliangalia. Logi zile huandika mwezi, siku na saa, mwaka haziandiki. Yeye alinyamaza.

Jumatano ni ya vyeti, vile vitambulisho vya kidijitali vya seva. Kizee hakizungumzi na seva ambayo hakiamini cheti chake, nami nikakipa amri kiiamini. Jibu: muda wa cheti umepita. Haya, nikafuta cheti, seva ikatengeneza kingine. Muda umepita. Nikafuta tena. Mshirika wangu akapita na mfuko wa maandazi, akaangalia skrini, akasema, "Mangi, hii kazi tutamwandikia mteja shilingi ngapi?" Sikumjibu.

Alhamisi, saa mbili usiku, wote wameondoka. Nimevaa koti ndani ya ofisi. Nikatengeneza cheti cha tano au cha sita, na safari hii nikakifungua nikisome mwenyewe mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma hati ya shamba la urithi. Halali kuanzia: 24 Julai 2014. Leo. Cheti hakijapoa bado. Nikajaribu. Muda umepita.

Nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Kitu kilichozaliwa dakika tano zilizopita kimeshazeeka vipi? Nikakaa naangalia ule mshale wa skrini unavyopepesa. Nje bodaboda zinaitana. Kisha vidole, wala sisemi akili, vikaandika kwenye kizee amri fupi kuliko zote: date.

Jumapili, 4 Januari 2009.

Kwake ilikuwa Jumapili. Cheti cha mwaka 2014 kwake hakijaanza kutumika, ila maktaba ya usalama hutumia kosa lilelile kwa cheti kilichokwisha na kwa cheti ambacho siku yake haijafika. Betri ya saa ilikuwa imekufa, walipochomoa waya wa umeme kule ghalani ikasahau kila kitu. Na kwa nini haikujirekebisha kwa mtandao? Kwa sababu mwezi uliotangulia mimi mwenyewe nilifunga poti 123, ambayo mashine huulizia saa, kwenye ruta kubana bando. Ujumbe mmoja wa kuuliza saa ni baiti 48. Baiti 48!

Nikaweka tarehe kwa mkono. Seva ikaitika mara ya kwanza, moduli ikarudi, na asubuhi tukajua uandishi ulikuwa unasubiri diski iliyokuwa inakata roho. Diski mpya, mizani ikarudi kazini, mteja akalipa. Mshirika wangu nilimwambia ni tatizo la vyeti, jambo ambalo si uongo.

Ijumaa mchana binti akaniletea logibuku nisaini. Kwa kawaida nilikuwa nasaini bila kusoma. Sijui siku hiyo kilichonifanya nisome ni nini. Jumanne, kwa mwandiko wake ulionyooka: "Nimejifunza kufungua poti kwenye fayawoli. Niliona tarehe ya mashine ya mteja si sahihi. Niliuliza."

Alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono nyuma.

Kwenye nafasi ya maoni ya msimamizi nikaandika: "Ni msikivu. Aongeze kujiamini." Nikasaini, nikagonga muhuri, nikazungusha ile tarehe ya muhuri hadi 25.

"Asante, kaka," akasema.