Sikio la Gia, Rubavu 2022

Baiskeli yenyewe ni Koga Miyata ya chuma, ya miaka ya tisini, iliyoingia Mwanza kama mtumba kutoka Uholanzi. Muuzaji alinipunguzia bei bila kuombwa, kwa kuwa haikuwa na keria wala mahali pa kufungia keria, na Usukumani baiskeli isiyobeba gunia ni nusu ya baiskeli. Mimi sikuwa na gunia. Daktari alikuwa ameniambia nipunguze mwili, nikaanza kuogelea Capri Point asubuhi, kisha kukimbia, kisha mtu akanidokeza kwamba kuna watu wanaofanya vyote viwili na katikati wanaweka baiskeli; mchezo huo unaitwa triathlon.

Mwaka 2022 Rwanda ikaandaa mashindano yake ya kwanza ya triathlon ya Ironman 70.3, mjini Rubavu, kando ya Ziwa Kivu. Namba hiyo ni jumla ya maili: kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za kukimbia, zote kwa mkupuo. Nilijiandikisha usiku, mke wangu akiwa amelala, maana kiingilio kilizidi bei ya baiskeli.

Mazoezi yangu yalikuwa barabara ya Musoma, kupita Igoma na Kisesa kuelekea Magu, alfajiri kabla mabasi hayajaanza kufukuzana. Huko vilima si vya kutisha. Baiskeli ilikuwa na meno 52 na 42 mbele, na nyuma gia nyepesi kuliko zote ilikuwa ya meno 24. Maana yake, hata ukiweka gia nyepesi, pedeli ikizunguka mara moja gurudumu linakwenda karibu mara mbili. Ukielekea Magu hiyo ni raha. Kwenye milima ya Rwanda ni adhabu ya magoti. Fundi wangu wa Mabatini akapekua boksi lake la vyuma chakavu wiki nzima mpaka akapata seti ya gia yenye meno 28. Zaidi ya hapo kibadilisha gia changu kisingefika. Mkono wake ni mfupi.

Vingine vilikuja kwa bahati. Tyubu nyembamba zenye mdomo wa Presta, ule mwembamba wa baiskeli za mbio, niliagiza Nairobi, kwa sababu Mwanza ukiuliza tyubu unaletewa ya Phoenix. Zile fito mbili za kulalia, zinazofungwa juu ya usukani ili mikono ikae mbele na mgongo ushuke, nilipewa na mmisionari aliyekuwa anarudi kwao. Hicho ndicho kifaa ninachokiheshimu kuliko vyote. Watu wanatoa mamilioni kununua magurudumu ya kaboni, wakati kwenye tambarare, ukishafika kilomita 30 kwa saa, nguvu zako nyingi zinaliwa na upepo, na kinachoukinga upepo zaidi ni mwili wako mwenyewe. Lala kwanza, magurudumu utanunua baadaye. Wasiosikia hili huwa wana pesa, kwa hiyo sibishani nao.

Safari ya kwenda ilikuwa ya basi. Kivuko cha Kigongo hadi Busisi, maana daraja lilikuwa bado linajengwa, kisha Geita, kisha mbele hadi Rusumo, ambako unavuka Mto Kagera na magari yote yanahamia kulia. Niliangalia hilo kwa makini kuliko abiria wengine. Mtu aliyezoea kukunja kona upande wa kushoto, kichwa kinamwuma akifikiria kuteremka mlima upande usio wake.

Boksi la baiskeli nililiandika kwa kalamu nzito: USILAZE. Mpakiaji alililaza, upande wa gia ukiwa chini, na juu yake akapanga viroba vya dagaa. Niliyaona hayo tulipofika Kigali, na harufu nikaihisi hadi Rubavu.

Ijumaa jioni niliunganisha baiskeli kwenye uwanja wa nyumba ya wageni. Gia ngumu zilikuwa sawa. Nilipoweka ile ya meno 28, ambayo ndiyo iliyonipeleka kule, kibadilisha gia kikaanza kugonga spoki: tik, tik, tik. Nikakiangalia kwa nyuma, nikaona kimeinamia ndani. Kibadilisha gia hakishikwi na fremu moja kwa moja. Kinaning'inia kwenye kijichuma kidogo chenye tundu la skrubu, karibu na ekseli ya gurudumu la nyuma. Sisi tunakiita sikio. Likipinda milimita chache tu, gia zote zinasogea, na siku ukikanyaga kwa nguvu mlimani, kibadilisha kinaingia ndani ya spoki na kung'oka pamoja nazo.

Kwenye eneo la mashindano kulikuwa na kijana fundi mwenye boksi zuri la spana na foleni ndefu mbele yake. Alikuwa na masikio ya akiba, mengi, ya kila umbo. Baiskeli za kaboni na za alumini hufungwa sikio la skrubu makusudi, ili livunjike lenyewe na kuokoa fremu. La kwangu ni sehemu ya fremu. Hakuna la kubadilisha. Akaniambia kwa upole kwamba yeye hawezi kupinda fremu ya mtu siku mbili kabla ya mashindano. Nilimwelewa; hata mimi nisingeipinda.

Mlinzi wa nyumba ya wageni ndiye aliyenipeleka kwa mafundi wa abanyonzi, wale vijana wanaobeba abiria kwa baiskeli. Fundi mwenyewe alikuwa mzee, amekaa kwenye kigoda chini ya turubai, kazaliwa ng'ambo ya mpaka, Goma. Hakugusa kitu kwanza. Alizungusha gurudumu, akainama nyuma yake, akafumba jicho moja.

"Kinga haina shida. Ni sikio njo ilipinda."

Kinga, kwa Kiswahili cha Goma, ni baiskeli. Nikamwambia najua, mzee, ila naogopa likivunjika.

"Hii ni chuma, kijana. Chuma inasikiaka."

Alichofanya baada ya hapo nimekieleza kwa mafundi wengi Mwanza, na wengi hawakuwa wanakijua. Alifungua kibadilisha gia, akakiacha kikining'inia kwenye waya. Akatafuta gurudumu la nyuma la baiskeli nyingine. La kwanza, la Phoenix, ncha ya ekseli yake ilicheza ndani ya tundu, akalitupa pembeni. La pili lilitoka kwenye baiskeli ya milimani, na ekseli yake ikaingia kwenye sikio langu taratibu, uzi kwa uzi. Sasa nilikuwa na magurudumu mawili yamesimama sambamba, la kwangu na la kuazima, na kama sikio limenyooka, rimu mbili lazima ziwe na umbali uleule juu, chini, mbele na nyuma. Hazikuwa. Chini zilikaribiana, juu ziliachana. Alipima kwa kijiti. Akashika lile gurudumu la kuazima kwa mikono miwili na kulivuta kidogo kidogo, akipima kila baada ya kuvuta. Nilisimama nimeshika fremu, sipumui vizuri. Hapakuwa na nyundo, wala moto. Gurudumu lenyewe lilikuwa wenzo na rula kwa pamoja.

Alipomaliza alisukuma gia zote, akaipa ile ya 28 muda mrefu kuliko nyingine. Kimya. Kisha akanionyesha kitu ambacho sikumwuliza: ncha moja ya usukani wangu ilikuwa wazi, kizibo kimedondoka njiani. Waamuzi wa triathlon hawaruhusu mtu kuingia na bomba wazi, maana ukianguka linakukata. Yeye hakujua sheria hiyo. Aliona tu shimo lisilopendeza. Akakata kipande cha kandambili ya bluu, akakichonga kwa wembe, akakigonga ndani kwa kiganja. Jumamosi mwamuzi alikibonyeza kwa kidole gumba, akatabasamu, akabandika stika kwenye baiskeli. Bei ya kazi yote iliniaibisha, nikaongeza, akakataa, nikaiacha juu ya boksi la spana.

Kuogelea sitasimulia sana. Kivu haina mamba, na mtu wa Mwanza akijua hilo anaogelea akiwa na moyo mwepesi mno. Nilitoka majini nikiwa na nafasi nzuri kuliko niliyostahili. Kwenye eneo la kubadilishia, kofia inafungwa kidevuni kabla hujagusa baiskeli, vinginevyo unaadhibiwa. Vidole vilitetemeka, lakini kifungo kikafunga.

Rubavu iko kwenye ufuko, kwa hiyo barabara ikitoka mjini inapanda. Nilianza na gia ya kati, kwa woga. Watu wenye magurudumu ya kaboni walinipita, magurudumu yakilia hewani kama ndege. Kona ya tatu nikashindwa, nikaweka 28. Masikio yangu yote yalikuwa nyuma. Mnyororo ukapanda, ukakaa, ukanyamaza. Nikapanda nimekaa kwenye siti, watoto wakikimbia pembeni wakipiga kelele, na mbele yangu mwanamume mmoja mwenye baiskeli ya bei ya gari akishuka kuikokota. Gia zake nyepesi zilikuwa za mbio za tambarare. Nilimsalimia. Kwenye mteremko alinipita tena na hakujibu salamu.

Kukimbia kulikuwa jua na migomba na maji ya kumwagia kichwani. Nilimaliza, karibu na mwisho kuliko mwanzo, na nikavishwa medali.

Jumatatu kabla ya basi nilirudi kwa mzee kumwonyesha. Aliipima uzito mkononi, akainusa kidogo kwa sababu medali nayo ilikuwa imelala kwenye boksi lenye harufu ya dagaa, akauliza kama nilikuwa wa kwanza. Nikamweleza kwamba mbele yangu walikuwapo wengi sana. Akafikiri.

"Na bale ba mbele," akauliza, "bao kinga yabo batengenezeaka wapi?"