Faharasa za matini zilivyonila siku nne kabla sijaipata skima nzima

Niliuliza jinsi ya kuitoa skima ya hifadhidata yangu, yaani muundo wake bila data, iwe faili la amri za kuiunda upya. Watu watatu waliniambia maneno yaleyale: "Fungua Management Studio, bofya Generate Scripts, umemaliza." Sikumaliza. Kazi ilinila siku nne na mabando sikuyahesabu, ndiyo maana naandika.

Hifadhidata yangu ya SQL Server inatunza makala za Kiswahili. Ina majedwali arobaini hivi, na sita yana faharasa za matini, yaani zile (full-text index) zinazoiwezesha CONTAINS, amri ya kutafuta maneno ndani ya maandishi, kufanya kazi. Nilitaka kila usiku skima iingie yenyewe kwenye Git (hifadhi ya matoleo ya mafaili), bila mtu kubofya kitu, kwa hiyo nikatumia PowerShell (lugha ya kuandika amri) na SMO (maktaba ya kuisimamia SQL Server kwa msimbo).

Faili la kwanza lilitoka safi na likapita kwenye seva mpya bila kosa hata moja. Asubuhi ukurasa wa kutafuta ukagoma: kosa 7601, jedwali halina faharasa ya matini. Kumbe kwenye ScriptingOptions (mipangilio ya SMO ya kuchagua kinachotolewa) mambo hayo yamezimwa tangu mwanzo, na hata kule kwenye Generate Scripts yamezimwa vilevile! Hao washauri wangu hawakuwahi kuendesha walichokitoa.

Nikawasha FullTextIndexes, pamoja na Indexes na DriPrimaryKey (ya ufunguo mkuu, unaotambulisha kila mstari wa jedwali). Katalogi, yaani kikapu kinachobeba faharasa za matini, haiji na jedwali. Ipitie kwenye FullTextCatalogs ya hifadhidata, uiandike juu kabisa ya faili.

Hapo ndipo likaja kosa 7653, na hili lilinikesha. Seva ilisema PK__Makala__3214EC07 na mkia wake wa herufi na tarakimu si faharasa halali ya ufunguo. Nililinganisha mafaili mstari kwa mstari hadi adhana ya alfajiri, ndipo nikaona. Faharasa ya matini lazima itaje kwa jina faharasa ya kipekee ya safu moja isiyokubali NULL (nafasi isiyo na thamani). Aliyeunda jedwali hakuupa ufunguo mkuu jina, SQL Server ikautungia. SMO inapotoa jedwali haliandiki jina hilo la kutungwa, basi seva mpya inatunga jingine, huku mstari wa KEY INDEX ukiendelea kuita la zamani. Mtoto kabadilishwa jina, bado anaitwa kwa lile la kwanza! Dawa ni DriIncludeSystemNames = $true. Niliiwasha, majedwali yote sita yakapita, nikaenda kulala nikiwa na furaha ya kweli. Ila kwa majedwali mapya tafadhali upe ufunguo jina lako mwenyewe, mfano PK_Makala.

Usifunge faili zima ndani ya BEGIN TRANSACTION (transaksheni: amri zinapita zote au haipiti hata moja). CREATE FULLTEXT INDEX haikubali, utapata kosa 574. Mimi nina mafaili mawili: la majedwali liko ndani ya transaksheni, la faharasa za matini linafuata nje.

Kwenye lugha angalia LANGUAGE 0 imebaki. SQL Server yetu haina kichambuzi cha Kiswahili, yaani cha kugawa maneno na kutambua maumbo yake, kwa hiyo tunatumia hiyo 0, isiyofungwa na lugha yoyote. Ukitafuta "kitabu" hutaletewa "vitabu". Sisi tunaandika maumbo yote mawili kwa OR.

Baada ya kupakia data nilitafuta "uvuvi", nikapata sifuri, moyo ukaruka. Faharasa ilikuwa bado inajazwa kwa nyuma. Nikauliza PopulateStatus (hali ya ujazaji) ya katalogi mpaka ikarudisha 0, yaani imetulia, nikatafuta tena, makala za uvuvi zikajaa skrini.