Kijembe cha mzee wa Salinas

Nilipokuwa mwaka wa tatu wa uuguzi huko California, niliamua kuongeza fani ndogo, yaani masomo machache yanayoandamana na shahada kuu. Nikachagua historia na maisha ya Wachicano, yaani Wamarekani wenye asili ya Mexico, na Walatino, wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Kaka yangu, aliyekuwa akinisaidia ada kutoka Tanga, hakupendezwa. "Historia ya Wameksiko itakulisha nini, dada?" Nikamjibu kwamba hao ndio wagonjwa wangu. Chuo chetu kilikuwa karibu na Bonde la Salinas, nchi ya letusi, yaani majani ya saladi, na stroberi, na kila nilipokwenda mazoezini nilikutana na wazee wa Kimeksiko ambao migongo yao haikunyooka tena. Kwenye faili iliandikwa "maumivu sugu ya mgongo", basi. Mgongo uliumiaje, faili halikusema.

Kazi ya muhula ule wa 2012 ilikuwa kurekodi simulizi ya mtu aliyefanya kazi mashambani. Mwenzangu wa darasani, mzaliwa wa Salinas, alinipeleka kwa jirani wa bibi yake, mzee wa miaka sabini na kitu. Kihispania changu kilikuwa cha salamu na dawa, kwa hiyo mwenzangu akawa mkalimani. Mkewe mzee alitukaribisha kahawa yenye mdalasini, tukaketi, nikawasha kinasa sauti.

Mzee alizaliwa Michoacán, jimbo la Mexico. Akiwa kijana alisafiri hadi mji wa Empalme, katika jimbo la Sonora kaskazini mwa Mexico, ambako maelfu ya wanaume walikusanyika kungoja kuandikwa chini ya mpango wa Bracero, makubaliano ya serikali za Mexico na Marekani ya kuwapeleka Wameksiko kufanya kazi Marekani kwa mkataba, yaliyodumu kuanzia 1942 hadi 1964. Walilala nje wakisubiri majina yao yaitwe. Mikono ilikaguliwa, aliyekuwa na viganja laini alionekana si mkulima. Baada ya kuvuka mpaka walivuliwa nguo na kupuliziwa DDT, dawa ya kuua wadudu. Hapo mzee alisema kwa kifupi tu, akaendelea.

Alikuwa Salinas Septemba 1963, treni ilipoligonga lori lililogeuzwa basi kule Chualar, kusini kidogo ya mji. Lori lile lilikuwa limewapakia mabracero, vibarua wa mpango ule, wakirudi kutoka shambani. Walikufa 32. Mzee alituomba tuzime kinasa sauti, nasi tukazima. Aliyotueleza wakati huo sijawahi kuyaandika.

Tulipowasha tena, alikwenda stoo nyuma ya nyumba akarudi na kijembe. Mpini wake ulikuwa mfupi kuliko mkono wangu. Wenyewe walikiita el cortito, na ndicho walichotumia kupunguzia miche ya letusi. Akanipeleka kwenye kitalu chake cha vitunguu akaniambia nijaribu. Nimekulia Korogwe, jembe si geni kwangu, lakini kwa hiki huwezi hata kuchuchumaa ukasogea. Unainama kama umekunjwa katikati, kichwa chini ya kiuno, na unatembea hivyo hivyo. Nilikuwa nimetoka kusoma pingili za uti wa mgongo muhula uliopita. Nilizihisi zote. Wao walishinda hivyo kutwa nzima, msimu hadi msimu.

Kwa nini mpini uwe mfupi? Wenye mashamba walisema mfanyakazi akiwa karibu na mche hataukata kwa bahati mbaya. Mzee akasema nyapara, akiwa mbali kabisa, alitupa jicho tu shambani: ambaye mgongo wake uko juu, huyo amepumzika. Nilipoyasikia hayo nilikasirika, na hasira ile sijaijutia.

Marufuku ya kijembe kile ilipatikana California mwaka 1975. Mawakili wa kutetea watu maskini wa vijijini walipeleka shauri, wafanyakazi wakasimama kueleza, madaktari wakatoa ushahidi juu ya migongo yao, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikawapa haki. Letusi imeendelea kulimwa Salinas hadi leo, kwa majembe ya mipini mirefu.

Kabla hatujaaga, mzee aliniuliza: na kwenu, nani alilima mashamba ya wengine? Nikamweleza habari za babu yangu, aliyetolewa Kasulu ujana wake akaletwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga akiwa manamba, kibarua wa mkataba. Mzee akasogeza kiti. Nani alimpima? Alikula nini? Aliruhusiwa kurudi kwao? Mwenzangu alitafsiri maswali hayo nami nikayaandika kwenye daftari lile lile la mahojiano.

Usiku nilipiga simu Korogwe, kule kulikuwa kumekucha. "Shikamoo babu." "Marahaba, mjukuu wangu, mbona mapema?" Nikamsomea maswali ya mzee. Alinieleza daktari aliyewagonga vifua, safari ya treni kisha lori, posho ya unga na maharage, miiba ya mkonge iliyowachoma mapajani. Alieleza kipande: kadi iliyotiwa alama kila siku unapomaliza ngwe. Tita likipungua majani, nyapara analikataa, na siku yako haihesabiki hata kama umefanya kazi tangu alfajiri. Kisha naye akauliza lake. Hao Wameksiko walilipwa kwa siku au kwa ngwe?

Ikabidi nirudi kwa mzee. Akasema kupunguza miche kulilipwa kwa saa, lakini baadaye, alipohamia kwenye kundi la kuvuna, walilipwa kwa idadi ya maboksi, na fedha zote ziligawanywa sawa kwa kundi zima, mwepesi na mzito.

Mwalimu wangu alikubali niwaweke wazee wote wawili katika kazi ile, nami fani ile nikaimaliza sambamba na uuguzi. Lakini jibu la maboksi nilimpelekea babu kabla sijaandika hata ukurasa mmoja. Alilifikiria. Akasema utaratibu huo ungewafaa sana Korogwe, kwa sababu anayeumwa angebebwa na wenzake badala ya kupoteza siku. Kisha akanituma tena: nimuulize mzee, je, bwana shamba aliwapa utaratibu huo mwenyewe, au walimlazimisha?